Maji Kabla ya Kufika Mferejini

Mji wa Unguja, nilikozaliwa na kulelewa, umekuwa ukinywa maji ya mbali tangu zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Alirithi mji uliokuwa ndio kwanza umezika maelfu ya watu wake kwa kipindupindu cha 1869 na 1870, mji ambao wakazi wake wengi walichota maji katika visima vilivyochimbwa baina ya nyumba, makaburi na vyoo, jirani kabisa na bahari, hata maji yake aghalabu yalikuwa na chumvi, na yasipokuwa na chumvi yalikuwa na uchafu. Yeye akaamrisha yavutwe maji ya Chemchem, upande wa Bububu, yakapitishwa mifereji na mabomba hadi ndani ya mji, na raia wakayanywa bila ya kutozwa chochote. Ilikuwa ihsani kubwa, na mimi niliyetumikia maji kwa sehemu kubwa ya umri wangu, kwanza kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba, halafu msaidizi wa fundi wa pampu, na mwishowe mpimaji wa visima, sitaki neno langu lifahamike kuwa ni la kuibeza. Lakini kila nikirudisha fikira nyuma naona kwamba neema ile ilifuatana na hasara ambayo aliyeileta hakuikusudia, nayo ni kuwa mfereji ulipofika mlangoni, chemchemi ilitoka akilini. Vizazi vilizaliwa na kukua mjini bila ya mtu kuwaonyesha mahali maji yao yanapotoka, na watu wasiopajua mahali hapo hawawezi kupalinda, wala hawawezi kushtuka pakiharibiwa.

Mimi nilipajua kwa sababu ya shangazi yangu, aliyeolewa Jambiani, ambaye nilipelekwa kwake kila skuli na chuo zilipofungwa. Upande ule wa kisiwa ni uwanda wa mawe ya matumbawe, udongo wake ni ule tu uliojikusanya katika mashimo ya mawe; mvua ikinyesha haifanyi kijito wala ziwa, bali hunywewa papo hapo na nyufa, ikashuka chini, na huko chini ikatulia juu ya maji ya bahari yaliyoingia kisiwani kwa nyufa zile zile. Watu wa huko walikunywa maji ya mapangoni na ya visima vifupi vya karibu na pwani, na maji ya kisima yalipanda na kushuka pamoja na bahari, hata mwenye kwenda kuteka aliangalia kwanza kama maji yamejaa au yametoka.

Kisima cha mtaa wa shangazi kilikuwa na adabu zake, na mtoto alifunzwa adabu hizo kabla hajapewa ndoo. Hakuna aliyekanyaga ukingo wake kwa viatu, wala aliyefua nguo au kukosha chombo karibu yake. Maji ya kufulia yalichukuliwa mbali, upande wa pwani, ambako yakimwagwa hayana njia ya kurudi kisimani. Mbuzi hawakufungwa jirani. Kamba ilikuwa moja, ya kisima chenyewe, ikaanikwa juu ya mti isiburutwe chini. Lakini adabu iliyoniingia zaidi ilikuwa ya kuteka. Shangazi alisimama nyuma yangu, na nilipotaka kuizamisha ndoo kwa nguvu za kitoto aliushika mkono wangu akaniambia: "Mwanangu, usikivuruge kisima. Teka juu juu, kisha kipishe kipumue." Ndivyo walivyoteka wanawake wote wa mtaa: ndoo chache kwa zamu, kisha wakakaa kitako kivulini wakizungumza mpaka maji yatulie, kisha zamu nyingine, na mwenye pupa aliyezamisha ndoo hadi chini alirudi kwake na maji ya chumvi, tena akawaachia wenziwe kisima cha chumvi mpaka siku ya pili. Sikumbuki kusikia ugomvi mkubwa kijijini pale uliozidi ule wa kumlaumu mtu aliyekivuruga kisima.

Nilipokuwa mtu mzima na kuingia katika mafunzo ya kazi ya maji, mwalimu alituchorea ubaoni kisiwa kilichokatwa kwa kisu kutoka pwani hadi pwani, akatueleza hesabu iliyovumbuliwa na Badon Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, kila mmoja peke yake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya mvua, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu yake chini ya ardhi kama mafuta yanavyoelea juu ya maji. Na kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Msikilizaji hufurahi akisikia hivyo, kwa kuwa anaona jinsi Mola alivyotuwekea akiba. Lakini hesabu ina upande wake wa pili: ukiyavuta maji hata yakashuka mita 1, chumvi nayo, baada ya muda, hupanda mita 40 kuyafuata, na chini ya pampu yenye nguvu hupanda kwa umbo la pia iliyosimama, ikafika kwenye mdomo wa bomba, na ikishafika haiondoki kwa siku moja wala kwa masika moja. Visima vingine hungoja miaka mingi ya mvua na mapumziko kabla havijarudi kuwa vitamu, na vingine huachwa moja kwa moja.

Mwalimu alipomaliza, nilimkumbuka shangazi na ule mkono wake. Kanuni ambazo wataalamu huziandika ofisini juu ya saa za kupampu na saa za kupumzisha, juu ya kina cha kuchimba na nafasi ya kuachwa baina ya kisima na kisima, zilikuwa zikitekelezwa Jambiani na watu ambao hawakuwa na pampu wala ramani. Na tofauti iliyokuwapo baina yao na sisi ni kwamba wao walikuwa wakiyaona maji, wakiyaonja kila asubuhi, na mkosaji alijulikana kwa jina lake. Sisi tumeyaficha maji ndani ya bomba, na pamoja na maji tumemficha mkosaji.

Upande wa magharibi wa Unguja, uliko mji, hali ya ardhi ni nyingine. Kuna udongo mzito na mchanga, kuna vilima, na juu ya vilima hivyo uko msitu wa Masingini, ambao mvua inayoshuka juu yake hupokewa na majani, ikapunguzwa kishindo, ikaingia taratibu ardhini, ikachujwa na mchanga, na hatimaye ikatokeza chini katika chemchemi za Mwanyanya na Bububu. Mvua kwetu si haba. Kwa kawaida hupita milimita 1,500 kwa mwaka katika upande huo, nyingi yake katika masika na iliyobaki katika vuli. Kwa hiyo shida yetu haitokani na mbingu kutunyima. Shida yetu ni mahali mvua inapotua. Ikitua juu ya msitu au shamba huzama. Ikitua juu ya bati, saruji na lami hukimbia kwa njia ya barabara, ikabomoa, ikachukua taka, ikamwagika baharini, na wenye kukaa mahali hapo wakabaki, baada ya gharika ya asubuhi, wakipanga madumu jioni kungoja maji.

Nimeushuhudia mji ukipanda vilima hivyo. Hesabu ya watu ya 1988 ilipata wakazi yapata 640,000 katika Zanzibar nzima, Unguja na Pemba; ile ya 2022 ikapata 1,889,773. Watu hawa wamehitaji maskani, na nani angeweza kuwakatalia? Palipokuwa na michungwa na mikarafuu pakawa na viwanja, palipokuwa na viwanja pakawa na nyumba, na kila nyumba ikawa na shimo lake la choo, kwa kuwa mabomba ya maji machafu hayakuwahi kufika nje ya sehemu ndogo ya mji. Tukawa tunayavuta maji ya kunywa kwa bomba moja na kuyarudisha machafu kwa shimo moja, katika ardhi ile ile.

Iko asubuhi moja isiyonitoka. Nilitumwa kupima kina cha maji katika kisima kimoja cha pampu pembezoni mwa mji, nikakuta hatua chache tu kutoka kisimani msingi wa nyumba umekwisha chimbwa, na shimo la choo limemfika mchimbaji kiunoni, mahali ambapo ramani yetu ilionyesha wazi kuwa pasijengwe. Mwenye kiwanja alikuwa mtu mzima, makamo ya baba yangu, kofia yake kichwani, amesimama akiwasimamia mafundi. Nilimwamkia akaniitikia kwa upole, nikamweleza kilichonileta. Alinisikiliza mpaka mwisho bila ya kunikatiza, kisha akasema: "Mwanangu, kiwanja hiki nimekinunua kwa kiinua mgongo changu. Karatasi ninayo, na shahidi alikuwa sheha. Nionyeshe alama yenu iliyonikataza." Nikatazama huku na huku. Alama haikuwapo, hata jiwe la mpaka, hata ubao, hata mti uliopigwa chokaa. Zuio letu lote lilikuwa ndani ya mtoto wa meza, katika chumba kilichofungwa kwa ufunguo, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Nikamwambia, "Mzee wangu, maji ya kisima hiki ndiyo utakayokunywa wewe na wajukuu zako katika nyumba hii." Akanyamaza, akalitazama shimo, akawaamrisha mafundi walifukie na wakachimbe jingine ncha ya pili ya kiwanja, tena walijenge kwa saruji pande zote na chini.

Nyumba ilibaki. Baada yake zikaja nyingine, ambazo wenyewe hawakukutana na mtu wa kuwaeleza, na haukupita muda mrefu kisima kile kikafungwa, maji yake yalipopelekwa maabara yakakutwa na uchafu wa vyooni. Kwa mzee yule nilijifunza jambo ambalo semina nyingi hazikunifunza, kwamba sehemu kubwa ya uharibifu wa maji hufanywa na watu wema, wenye karatasi mikononi, ambao hawakuambiwa kitu. Sheria isiyosimama kiwanjani, ikaonekana kwa macho ya mnunuzi kabla hajatoa fedha yake, haiwezi kukilinda kisima, hata ikiwa imeandikwa kwa ufasaha wa namna gani. Tena nasema bila ya kuogopa kwamba anayeuza kiwanja ndani ya eneo la maji huku akijua amefanya hiyana kubwa kuliko anayekinunua, na mkono wa sheria ungepasa umfike yeye kwanza.

Kisha yakaja yale masiku ya giza. Umeme unaotufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanzania Bara ulikatika Desemba 2009 na haukurudi mpaka Machi 2010, na kwa kuwa pampu zetu nyingi zinategemea umeme huo, mji ukakosa taa na maji kwa pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 2008, tuliwahi kuonjeshwa shida hiyo kwa muda wa wiki chache, lakini kama ilivyo desturi ya wanadamu, taa zilipowaka tulisahau. Safari hii watu walivikumbuka visima vya mababu. Wazee walitoka na bakora zao wakawaonyesha vijana: hapa palikuwa na kisima, na hapa, na nyuma ya msikiti ule. Vingi vilipofunuliwa vilikutwa vimejazwa kifusi na takataka. Vingine vilikuwa vimezibwa kwa saruji na juu yake pamejengwa duka au ukumbi. Na vile vilivyosalimika vilizungukwa na madumu tangu alfajiri, watoto wakakosa skuli kwa kukaa zamu. Wakati huo nilizunguka na wenzangu tukivitia dawa na kuvipima, na nilihuzunika sana kuona mji mzima ukitegemea visima vichache ambavyo havikufukiwa kwa sababu tu kwamba hakuna aliyepata fedha za kuvifukia. Kisima kisichotumika si kisima kilichokufa; ni akiba ya siku ya dhiki, na kukijaza taka ni kuiharibu akiba hiyo na kuyachafua maji ya majirani kwa pamoja, kwa kuwa chini ya ardhi visima vina ujamaa wao.

Huko mashariki nako, Jambiani ya shangazi yangu imepata wageni. Hoteli zimejipanga ufukweni kutoka Nungwi hadi Makunduchi, zimewapa ajira vijana wetu, na sitaki kuonekana kuwa nayachukia maendeleo. Hata hivyo jumuiya moja ya Uingereza, Tourism Concern, ilichapisha mwaka 2012 uchunguzi wake wa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ikakadiria kwamba kaya ya kijijini hutumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya daraja la juu hutumia zaidi ya lita 3,000. Maji hayo ya bustani za majani mabichi na mabirika ya kuogelea yanatoka katika tabaka lile lile jembamba ambalo wanawake wa uwandani walikuwa wakilitekea juu juu na kulipisha lipumue. Pampu haikai kivulini kungoja maji yatulie. Mwenye hoteli anaweza kukinga mvua katika mapaa yake makubwa, anaweza kuyasafisha maji yaliyooga wageni akanyweshea bustani, anaweza hata kuyachuja maji ya bahari kwa mtambo. Mwanakijiji hana njia hizo, na kisima chake kikiingia chumvi hana pa kwenda. Kwa hiyo haki inataka mwenye uwezo ndiye abebe gharama ya kuliacha tabaka hilo likapumzika, na kila kisima cha biashara kiwe na mita ya kupimia kiasi kinachovutwa, ikasomwa mara kwa mara na hesabu yake ikabandikwa mahali wanakijiji wanapoweza kuisoma.

Niseme pia juu ya mchanga, ingawa kwa ufupi. Tunaujenga mji kwa mchanga unaochimbwa mashambani, na kila shimo la mchanga linaloachwa wazi ni chujio la maji lililoondolewa. Pale maji ya mvua yalipokuwa yakipita tabaka nene kabla ya kufika chini, sasa yanafika upesi pamoja na kila walichokitupa watu ndani ya shimo.

Sisi watu wa pwani hatukukosa mafunzo katika mambo haya. Waislamu wamefunzwa kuwa Mtume alikuwa akitia udhu kwa mudi moja ya maji, ambayo haifikii lita nzima, na kwamba israfu ya maji inachukiza hata kwa aliyekaa ukingoni mwa mto unaokwenda. Nasi tunaingia misikitini mwetu tukafungua mfereji hadi mwisho, tukazungumza na jirani huku maji yakimwagika, yakapita kipimo kile mara nyingi kabla hatujafika kwenye miguu. Tumesimuliwa tangu chuoni habari za Sayyidna Uthman aliyekinunua kisima cha Ruma, Madina, akakifanya wakfu kwa watu wote. Katika miji yetu pia wamekuwapo wanaume na wanawake waliochimba visima wakaviacha sadaka. Wakfu wa namna hiyo haukuwa shimo peke yake. Aliyeuweka alifikiria na kamba, na ukingo, na mtu wa kukisafisha. Leo tajiri akitaka thawabu huchimba kisima kipya, akaweka jina la marehemu wake juu ya tangi, na pampu inapokufa huachwa hivyo hivyo. Ningependa kuwaona wenye mali wetu wakiuweka wakfu msitu: wakanunua ekari za juu ya chemchemi, wakazisimamisha kwa sheria zisiuzwe wala zisijengwe milele, wakapanda miti na kumlipa mlinzi. Sijui sadaka jaria inayowafikia watu wengi zaidi kuliko hiyo.

Mamlaka ya Maji Zanzibar iliundwa kwa sheria ya 2006, na tangu hapo kulipia maji kumeingia katika maisha yetu baada ya miaka mingi ya maji ya bure. Wapo wanaonung'unika kwamba maji ni riziki ya Mungu na haifai kuuzwa. Mimi sinung'uniki kulipa. Ninachotaka kukiona katika hesabu za kila mwaka ni fungu lililotengwa kwa ajili ya Masingini, kwa ajili ya alama za mipaka, kwa ajili ya walinzi wa chemchemi na wapimaji wa chumvi, kabla ya fungu la kununulia pampu kubwa zaidi. Pampu kubwa juu ya kisima kinachopungua huharakisha siku ya kukauka, na nimewaona viongozi waliopigiwa makofi siku ya kuizindua pampu ambao hawakuwapo siku ya kuing'oa.

Masingini ungali msitu, na chemchemi zake zingali zinatoka. Kwa hiyo nawaomba masheha wote wa vilima vile wasitie saini mauzo ya kiwanja bila ya kwanza kuuliza ramani ya maji, na nawaomba walio na ramani hiyo waitoe katika meza zao waipeleke kwa masheha, na wasimamishe mawe ya mpaka yanayoonekana kabla ya masika ijayo. Na wewe msomaji unayetafuta mahali pa kujenga, kabla hujatoa fedha yako, muulize muuzaji kisima cha karibu kiko wapi na ni mitaa gani inayokinywa. Ukijibiwa kuwa pale ni eneo la maji, nakuomba utafute kiwanja kingine.